Gemu za kupigana kwa kadi: angalia herufi kabla hujalipa

Tangu niandike kuhusu Switch za mtumba, yaani mashine za gemu za Nintendo, meseji ninazopokea zinafanana: "Dada, gemu ni nzuri ila sioni kilichoandikwa." Mdau mmoja wa Majengo, Moshi, kanunua gemu ya kadi ya Thronebreaker, ile ya simu, kaikodolea macho mpaka kichwa kikamgonga. Basi leo sigusi picha wala hadithi. Hayo kila mtu anayaeleza. Nasema herufi: nazipanga gemu, inayosomeka vizuri zaidi mbele.

Kwenye gemu hizi kadi ndiyo upanga, ndiyo ngao, ndiyo dawa. Usipoisoma unabahatisha. Na wauzaji wetu wa mjini wanakuonyesha gemu kwenye televisheni la ukutani, wakati wewe utaichezea Switch Lite, kioo inchi 5.5, ndani ya Coaster ya Moshi–Arusha, konda anapakia abiria wa kusimama Kikatiti.

Ya kwanza ni SteamWorld Quest ya mwaka 2019, kazi ya Image & Form wa Sweden. Chochote cha SteamWorld mimi nakipenda kabla sijakiwasha, kwa hiyo nisomeni mkijua hivyo. Mkononi una kadi 6, zamu yako unatumia 3. Kila shujaa anabeba kadi 8 tu, na mashujaa ni watatu, jumla 24. Kwa uchache huo, muda si mrefu unazitambua kwa picha, hata kwenye rasta za barabarani. Kadi ndogo zinajaza mvuke, yaani nguvu ya kuchezea kadi, kubwa zinautumia. Ukipanga tatu za shujaa mmoja unaongezewa ya nne bure. Wanailaumu kuwa nyepesi mwanzoni. Ni nyepesi. Wengine tumetoka kazini.

Ya pili ni Slay the Spire, ambayo kwenye Android ilifika 2021. Kila zamu kadi 5 na nishati 3 za kulipia kadi unazocheza, na adui anaonyesha juu ya kichwa chake anachotaka kukufanyia. Maneno ya kadi ni machache, na namba zinabadilika zenyewe nguvu zako zikipanda, kwa hiyo hesabu hupigi. Kuna watakaosema hii si RPG kamili, yaani gemu ya kumkuza mhusika safari nzima, kwa sababu ukifa unaanza upya. Waseme.

Baten Kaitos, zile mbili zilizorudishwa kwenye Switch 2023, zinaniuma roho. Kadi ya chakula inaharibika muda ukipita, ubunifu ulioje! Lakini kadi zina namba pembeni, unatakiwa uzipange jozi au mfululizo huku muda unakukimbiza. Kwenye televisheni, sawa. Kwenye Lite nimeshindwa, na miwani sivai.

Griftlands ina mafungu mawili ya kadi, moja la kupigana na moja la kubishana kwa maneno, na Kiingereza chake ni kingi. Ya wenye laptop. Thronebreaker nimeiweka mkiani kwa ajili ya simu tu: usoni kadi ina picha na namba, maelezo mpaka uibonyeze. Kwenye kompyuta ingempita Griftlands.

Za bure za Play Store: zipo, zina matangazo, jaribu mwenyewe.

Sasa hawa wauza vocha za kununulia gemu. Tanzania haimo kwenye nchi za duka la Nintendo, ndiyo maana watu wanafungua akaunti za nchi nyingine na kununua vocha mtaani. Vocha ya Marekani haiingii akaunti ya Uingereza. Muuzaji analijua hilo vizuri, hakuulizi kitu, anapokea hela, ukirudi anakuambia namba ya vocha ikishaonekana hairudishwi. Dola anaibadilisha kwa bei anayoijua yeye, halafu juu yake anaweka "ya usumbufu". Usumbufu upi, kaka, na umenitumia namba kwa WhatsApp ukiwa umelala?

Kwa hiyo muulize vocha ni ya nchi gani, akuandikie kwenye risiti. Akisema risiti imeisha, endelea na safari yako.