Holsta ya nne ndiyo iliyonikaa

Droo ya chini kabatini mke wangu anaiita makaburi. Humo zimelala holsta mbili, yaani mifuko ya kubebea bastola kiunoni, nilizonunua tangu nianze kubeba bastola yangu ya Glock 19 hapa Houston. Nyingine niliitupa jaani.

Hiyo ya jaani ilikuwa ya kitambaa, bei yake sawa na chakula cha mchana. Laini mno, haikunichubua popote, nikaona wanaonunua za bei mbaya wanapoteza hela tu. Kisha nikaijaribu chumbani, bastola ikiwa tupu. Nikichomoa, mdomo wa holsta unajifumba, kuirudisha mpaka mkono wa pili usaidie. Kibaya zaidi, nikibonyeza kitambaa kwa nje kidole kinaifikia triga, kile cha kufyatulia risasi. Glock haina kile kitufe cha pembeni cha kuifunga. Kinga yake ya kwanza imo kwenye triga yenyewe. Holsta hiyo haikumaliza siku.

Ya ngozi niliipenda kwa harufu yake, lakini Agosti ya Houston ni ya jasho. Ililowa, ikalegea. Ya tatu ilikuwa ya kuvaa mbele, karibu na kitovu. Nina kitambi cha heshima na nashinda kwenye usukani; hiyo sina haja ya kuieleza.

Ninayovaa sasa, huu mwezi wa nane tangu nianze kuivaa, ni ya Kydex, ile plastiki ngumu inayofinyangwa kwa joto ifuate umbo la bastola. Inakaa ndani ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, na ukuta wake umepanda juu kiasi kwamba chuma hakigusi ngozi. Skrubu moja inarekebisha mlalo wa bastola, nyingine mkazo wa kuishika. Triga imefunikwa yote.

Lakini nusu ya raha imetoka kwenye mkanda. Bastola hii ikiwa na risasi zake 15 inakaribia gramu 850, na mkanda wa kawaida unapinda tu, suruali inateremka, unabaki unajivutavuta mbele za watu. Nilinunua mkanda mgumu na suruali zilizozidi saizi moja.

Kasoro ipo. Nikiinama kufunga kamba za viatu, umbo la mpini linajichora kwenye shati. Na kwenye gari, kifungo cha mkanda wa kiti kiko upande huohuo wa kulia, basi kila nikifunga lazima nipapase kwanza. Ijumaa navaa kanzu, na bastola inabaki kwenye sefu nyumbani.