Miti ya maua ya nyumbani: upi ununue kwanza, upi uuache kitaluni

Kitaluni miche yote ina futi mbili na yote inapendeza. Tofauti huonekana miaka kumi baadaye, mizizi inapoinua sakafu ya baraza au kuingia kwenye chemba ya maji taka. Ndiyo maana hapa tumepanga miti kwa nafasi inayohitaji, tukifikiria kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba tayari.

Wa kwanza ni franjipani, ule wa matawi manene yenye utomvu mweupe. Hauzidi sana mita 6, mizizi yake haisumbui ukuta, na pwani unastahimili chumvi na jua kali. Tena si lazima ununue mche: kata tawi la sm 30 hadi 45, liache kivulini wiki moja hadi mbili mpaka jeraha likauke, ndipo ulichomeke. Ukilipanda likingali linatoa utomvu litaoza, na wengi huharibu hapo. Utomvu usikuguse machoni. Majani yakipukutika kiangazi usiongeze maji, mti umepumzika tu. Ukiona unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, huo ni ugonjwa wa ukungu uitwao kutu. Okota yaliyoanguka uyachome.

Wa pili ni bauhinia. Jani lake limegawanyika katikati kama kwato ya ng'ombe, huwezi kulikosea. Uache mita 4 au 5 kutoka ukutani.

Jakaranda tunaiweka ya tatu, na kwa wa nyanda za juu tu: Arusha, Iringa, Nairobi. Kwenye joto na unyevu wa pwani huchanua kwa uchache. Inataka mita 8 kutoka nyumbani. Mkrismasi ni wa nne. Desemba hakuna mti unaoufikia kwa wekundu, lakini kivuli chake ni kipana kama mwavuli, mizizi hutambaa juu juu, na matawi hukatika kwa upepo. Usiupande chini ya mita 10 kutoka kwenye nyumba, bomba au karo la maji taka.

Miche ya miti hii miwili huchanganywa sana kitaluni, kwa kuwa yote ina majani membamba kama unyoya. Tazama yanapoungana na shina: ya jakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana, ya mkrismasi hutoka moja moja kwa kupishana. Halafu shika vijani vidogo. Vya jakaranda vimechongoka nchani, vya mkrismasi vina ncha butu.

Wa mwisho ni kibobakasi, ule wa maua ya rangi ya chungwa na nyekundu yaliyo kama vikombe. Maua yake ni mazuri mno, lakini mbao yake ni laini na matawi huvunjika. Unafaa shambani.

Kabla ya kulipa, geuza kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioota mche. Mzizi ukiwa umetoboa na kushika ardhi, utakatwa wakati wa kung'oa na mche utanyauka. Ukiwa umejizungusha ndani, utaendelea kujikaza hivyo hivyo hata baada ya kupandwa. Chagua mche unaosimama bila kijiti, hata kama ni mfupi.

Panda mvua za masika zinapoanza. Chimba shimo la sm 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba kwa wembe ukitoe chote. Shingo ya mche ilingane na ardhi, ikifukiwa shina huoza. Kiangazi cha kwanza mwagilia lita 10 mara mbili kwa wiki, na matandazo yakae umbali wa kiganja kutoka kwenye shina ili mchwa wasipate njia ya kujificha.

Jakaranda usiikate kilele. Itatoa machipukizi yaliyosimama wima kama fimbo, na umbo lake halirudi.