Uzoefu wangu: kusawazisha krenki, konrodi na pistoni za injini ya dizeli

Injini yangu ya dizeli, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, ilianza kutetemeka mara tu baada ya kufanyiwa matengenezo makubwa. Ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta) huwezi kuusikia mtetemo huo, lakini ikipita mizunguko 1,800 kwa dakika unaupata kwenye usukani na kwenye pedali, na ikifika 2,400 hata bolti za kushikilia tanki zinalegea. Raba za injini zilibadilishwa na nozeli zikapimwa, bila mafanikio. Wakati wa matengenezo hayo konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya nne ilikutwa imepinda, ikawekwa nyingine iliyotoka kwenye injini ya aina ile ile, na hakuna aliyeipima uzito kabla ya kuifunga.

Niliifungua injini upya na kupeleka karakana ya kusawazisha kila kitu kinachozunguka au kupanda na kushuka: krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), puli ya mbele, flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya krenki), presha pleti (sahani ya klachi inayofungwa kwenye flaiwili), konrodi sita pamoja na beringi zake, pistoni, pini na ringi. Karakana ilisisitiza jambo hili, na ilikuwa sahihi, kwa sababu krenki iliyosawazishwa peke yake kisha ikafungiwa flaiwili yenye upande mzito hurudi kutetemeka kama awali.

Kazi ya mizani ndiyo iliyonishawishi zaidi. Fundi hakuridhika na uzito wa konrodi nzima. Aliilaza sawasawa, kichwa kidogo kikiwa kwenye egemeo na kichwa kikubwa kwenye mizani, akaandika, kisha akageuza na kupima upande wa pili, na jumla ya vipimo hivyo viwili ikalingana na uzito wa konrodi nzima. Lazima ncha hizi zipimwe mbalimbali, kwa kuwa kichwa kikubwa huzunguka na krenki, ilhali kichwa kidogo hupanda na kushuka na pistoni. Konrodi ile ngeni ilizidi wenzake kwa gramu 42, na gramu 30 kati ya hizo zilikuwa kwenye kichwa kikubwa.

Gramu 30 zinaonekana ndogo mpaka uzikokotoe. Krenki yangu ina nusu kipenyo cha milimita 60, na kwa mizunguko 2,400 kwa dakika uzito huo unavuta kwa nguvu ya nyutoni 114 hivi, yaani kama mzigo wa kilo 11 na zaidi unaozungushwa mara 40 kila sekunde. Mwendo ukipungua hadi 1,200, nguvu hiyo hubaki robo tu, na ndiyo maana sailensa ilikuwa tulivu. Injini ya silinda sita za mstari mmoja hufuta nguvu zake yenyewe kwa mpangilio wa krenki, lakini kwa sharti kwamba pistoni na konrodi zote ziwe na uzito mmoja. Sharti hilo lilikuwa limevunjwa. Fundi alipunguza chuma kwenye vinundu vya ncha za konrodi tu, bila kugusa shina lake, akinoa kwa kufuata urefu ili asiache mikwaruzo ya kukingama inayoweza kuanzisha ufa.

Krenki ilizungushwa kwa mkanda juu ya mashine inayopima mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Vipimo hivi viwili ni vya lazima, maana krenki inaweza kutulia kabisa ikilazwa juu ya vyuma viwili, na bado ikayumba ncha kwa ncha inapozunguka. Kwanza ilisawazishwa yenyewe na puli, kisha ikafungwa flaiwili, mwishoni presha pleti, kila kimoja kikirekebishwa kwa kutobolewa chenyewe, ili siku nikibadilisha klachi nisilazimike kurudi na krenki. Upande wa nyuma, flaiwili ikiwa imefungwa, ulianza na gramu-sentimita 58 (uzito uliozidi mara umbali wake kutoka katikati) na kuishia na 4.

Malalamiko yangu ni mawili. Karatasi ya vipimo vya kabla na baada niliipata baada ya kuidai, na nadhani mteja hapaswi kuidai. La pili ni zito zaidi: nilikuta chembe za chuma ndani ya matundu ya oili ya krenki. Nilipitisha brashi nyembamba yenye mafuta ya taa katika kila tundu na kupuliza kwa kompresa mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi. Chembe hizo zingekata beringi mpya ndani ya dakika chache.

Sasa injini imefanya kazi saa 310. Mtetemo wa 1,800 hadi 2,400 umekwisha, na bolti za tanki hazijaguswa tena. Mtikisiko mdogo wakati wa kuiwasha ikiwa baridi umebaki vile vile, nami sikutarajia uondoke, kwa kuwa unatokana na uchomaji wa mafuta usio sawa katika silinda na wala si uzito wa krenki. Presha pleti na flaiwili zina alama za senta panchi zinazotazamana, na kila atakayeishusha gia boksi namwonyesha alama hizo kabla hajalegeza bolti ya kwanza.