MotoGP 24: gemu ya breki, si ya resi

Ukizoea zile gemu ambazo pikipiki inagonga ukuta, inaruka kidogo kisha inaendelea na safari, MotoGP 24, gemu ya mashindano ya dunia ya pikipiki, itakuangusha kona ya kwanza. Na ya pili. Gemu hii ya Milestone, kampuni ya Milan, Italia, ilitoka Mei 2024, na haina shida na ujasiri wako wa kufungua mafuta. Inachopima ni mkono wako wa breki.

Kwenye PlayStation, R2 ni mafuta na L2 ni breki ya mbele. Ya nyuma ina kitufe chake. Hapo ndipo wanaoendesha boda huumbuka. Mguu wao umezoea breki ya nyuma, na kwenye matope ya mtaani huo ni ujanja mzuri. Kwenye lami ya mashindano kazi kubwa ni ya mbele: ukifunga breki, uzito wote hukimbilia gurudumu la mbele na la nyuma linabaki karibu kuning'inia. Breki ya nyuma hutumika kuituliza pikipiki na kuisaidia kukunja.

Chukua Mugello, uwanja wa mbio wa Italia. Barabara yake iliyonyooka ina urefu wa mita 1,141, na mwaka 2023 mwendeshaji Brad Binder alipimwa hapo akienda kilomita 366.1 kwa saa. Mwishoni inakungoja San Donato, kona ya kulia. Anza breki karibu mita 300 kabla, pikipiki ikiwa wima, L2 kwa nguvu. Unapoanza kuilaza, iachilie breki kidogo kidogo. Ukiendelea kuibana vilevile huku umelala, tairi la mbele linashindwa kufunga na kukunja kwa wakati mmoja, linateleza, na uko chini. Ukiachilia ghafla, springi za mbele zinainuka na pikipiki inapanua kona hadi kwenye kokoto. Mafuta yarudishe pikipiki inapoinuka, robo ya R2 kwanza. Ukikosea, tumia kitufe cha kurudisha nyuma urudie kona hiyohiyo mara kumi; hakuna njia ya haraka zaidi ya kujifunza.

Usianze na pikipiki kubwa. Moto3, daraja dogo, ni 250cc ya silinda moja, na inakusamehe mengi. Moto2 hutumia injini ya Triumph ya 765cc. MotoGP yenyewe, daraja la juu, ni 1000cc, na ukifungua mafuta yote ukiwa umelala, gurudumu la nyuma linakutupa hewani. Misaada ipo mingi: breki za mbele na nyuma kufanya kazi pamoja, mstari wa njia, hata gemu kukushikia breki yenyewe. Huu wa mwisho uzime siku ya kwanza, kwa sababu unakunyima somo lote. Breki za pamoja zinaweza kubaki wiki moja au mbili.

Wakati wa mbio unaweza kubadilisha mambo ukiwa mwendoni. TC (traction control), inayozuia gurudumu la nyuma kuzunguka bure, iongeze tairi linapochakaa. Breki ya injini ikizidi, nyuma inacheza unapoingia kona. Ishushe namba moja uone. Tairi nalo haliishi sawa pande zote. Sachsenring kule Ujerumani ina kona 10 za kushoto na 3 za kulia, hivyo upande wa kulia unapoa, na kona ya kulia inayokuja baada ya msururu wa kushoto huangusha watu wasiotarajia. Ingia pale taratibu. Kwa mbio fupi chagua tairi laini. Kwa mbio ndefu, la kati.

Ugumu unaojirekebisha kulingana na kasi yako unasaidia mgeni, lakini unachosha baadaye: hujui kama umeimarika au wapinzani wamepunguzwa. Weka kiwango kimoja mwenyewe. Soko la waendeshaji kuhama timu ni kitoweo tu.

Sasa pedi, maana hapa Nairobi ndipo pesa hupotea. Pedi nyingi za bei ya chini mjini zinafanana na halisi kwa macho, lakini L2 na R2 zake ni swichi tu: ama sufuri, ama yote. Kwenye gemu ya mpira hutajua. Hapa kila ukigusa breki umefunga yote, na unalaumu gemu. Pedi ya mtumba nayo ina ugonjwa wake: kijiti cha kushoto kimelegea na pikipiki inavuta upande mmoja hata kwenye barabara iliyonyooka. Omba kuijaribu dukani kabla ya kulipa. Bonyeza R2 hadi nusu, polepole, usikilize injini. Ikilia yote papo hapo, rudisha pedi. Kisha toa kidole kwenye kijiti uone kama pikipiki inakwenda wima.

Runinga iweke kwenye hali ya gemu, la sivyo breki inachelewa kidogo baada ya kidole, na kwa mwendo ule kuchelewa kidogo ni mita nyingi. Stima ikipotea katikati ya mbio, hizo mbio zimeenda, kwa hiyo mitaa yenye stima ya kuruka-ruka chagua mbio fupi. Wawili wanaweza kushindana kwa skrini iliyogawanywa. Mwenye kibanda cha gemu alipishe kwa dakika, si kwa mbio, maana mgeni atamaliza nusu ya muda wake akiokota pikipiki.