Bomba la hewa la kubadilisha: sauti nzuri, sailensa mbovu

Bomba hili la alumini la kupeleka hewa kwenye injini, lenye eakilina (kichujio cha hewa) ya pamba iliyotiwa mafuta, limetengenezwa kwa umaridadi, na ukikanyaga mafuta injini hutoa mngurumo wa kupendeza. Tatizo hujitokeza kwenye sailensa, yaani injini inapozunguka bila kukanyagwa mafuta gari likiwa limesimama: mshale wa mizunguko ya injini, ambao ulizoea kutulia karibu na 750 kwa dakika, ulianza kupanda na kushuka, usukani ukatetemeka, na baadaye taa ya injini ikawaka kwa kodi P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Chanzo kikuu kilikuwa mpira wa kuungia bomba na throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), ambao klempu yake (pete ya kubania) haikubani sawasawa upande wa chini, mahali pasipoonekana bila kioo. Hewa inayoingia hapo haipimwi na sensa ya hewa iliyo kwenye bomba, na kwa kuwa injini isiyokanyagwa huvuta hewa kidogo sana, hata ufa mwembamba huivuruga, ilhali barabarani hutausikia. Nilipoweka klempu imara zaidi, mtikisiko ulikwisha.

Hata hivyo, mizunguko bado ilikuwa chini kidogo, kwa sababu kipenyo cha bomba mahali pa sensa ni kikubwa kuliko cha awali, hivyo hewa hupita hapo polepole na kompyuta ya injini hudhani ni pungufu. Kasoro hii haiondolewi na klempu wala kwa kuchomoa betri ili kompyuta ianze upya, na mtengenezaji hakuitaja popote kwenye karatasi ya maelekezo. Kwa gari la kila siku, singelinunua tena.