Pingili za majani ya tembo chotara kwa ajili ya bayogesi: mbegu nzuri, maelezo pungufu

Mwezi Machi nilinunua pingili 300 za majani ya tembo chotara, yale yanayouzwa kwa jina la Super Napier, katika kitalu kimoja cha hapa Arusha, ili nipate cha kuongezea kwenye mtambo wangu wa bayogesi, ambao samadi ya ng'ombe wawili haiutoshi. Pingili nyingi zilikuwa nene kama kidole gumba, kila moja ikiwa na macho matatu. Hata hivyo, takriban 40 zilizofichwa chini ya fungu zilikuwa zimekauka, hazikuchipua, na muuzaji alikataa kunibadilishia.

Mbegu yenyewe siilaumu. Wazazi wake ni majani ya tembo, yenye kromosomu 28 (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za urithi), na uwele, wenye 14. Chotara wao hubaki na 21, hesabu isiyogawanyika sawasawa, ndiyo maana hatoi mbegu za kuota na hupandwa kwa pingili. Hilo lina faida yake, kwa kuwa kila shina hurithi sifa zote za lile lililokatwa.

Kitaluni hawakugusia habari ya mwanga. Niliambiwa kwamba yanaota popote, nami nikapanda mistari minne chini ya miti ya grevilea iliyoko mpakani. Baada ya miezi mitatu, mashina ya juani yalikuwa na machipukizi zaidi ya 20, ilhali ya kivulini yalikuwa na matatu au manne, membamba, yaliyolala ovyo. Majani ya miti hufyonza mwanga mwekundu na kuuacha upite ule mwekundu wa mbali, ambao jicho letu haliuoni vizuri; mmea huitambua tofauti hiyo kwa fitokromu zake, yaani protini zinazohisi mwanga, ukatumia nguvu kurefuka badala ya kuchipua. Mistari hiyo nimeing'oa.

Aidha, karatasi ya maelekezo inashauri kuvuna majani yakishapita kimo cha mtu, ushauri usiofaa kabisa kwa bayogesi, kwani shina lililokomaa limejaa lignini, ile dutu inayolifanya gumu kama mti, ambayo bakteria wa mtamboni hawaimudu. Nilipofunua mdomo wa mtambo nilikuta vipande vimeelea juu, vimeshikana kama mkeka. Sasa ninakata yakiwa na wiki sita hadi nane, ninayakatakata kwa mashine na kuyachanganya na samadi, na sufuria ya maharage inaiva bila moto kufifia.

Mbegu naipa alama nne kati ya tano, huduma mbili. Nitarudi kununua nyingine masika yajayo, ila nitafika asubuhi, pingili zikatwe nikiwa nimesimama hapo hapo.