Marekani: ukodi gari au utegemee basi na treni?

Wandugu wa Tanga mnaoenda Marekani kusoma au kutembelea watoto, angalieni kwanza mnafikia mji gani. New York, Boston, Chicago, hapo gari ni mzigo tu, paking bei mbaya, na treni za mjini zipo, za New York zinatembea saa 24, we panda treni. Ila ukifikia Houston au Dallas, kule jimbo la Texas, ni habari nyingine kabisa, sisi huku mtu anatoka Ngamiani mpaka Raskazone na baiskeli yake wala hana presha, kule duka unaliona lile pale lakini hamna njia ya mguu, barabara leni sita, basi likikuacha utasubiri juani mpaka uchoke. Na Dallas kwenda Houston, kama kilomita 385 hivi, hamna treni ya abiria ya moja kwa moja, ni basi, ndege au gari.

Gari nalo lina mambo yake. Wanaendesha kulia, kwahiyo kwenye kukata kona uwe makini sana. Kampuni nyingi zinataka kredit kadi yenye jina lako, na kijana chini ya miaka 25 kwa kawaida anaongezewa hela kila siku. Leseni ya kimataifa ichukue huku huku kabla hujaondoka.

Mama mtu mzima anayeenda kuona mjukuu Texas, mi nasema asikodi, mwanae ampeleke, siku yuko kazini aite Uber. Mkiwa wanne na mnazunguka miji miwili mitatu, chukueni gari, mafuta mtagawana.